Thumuni

Darasa letu halimo kwenye ratiba ya chuo.
Limeandikwa kwa penseli, pembeni: kusoma na hesabu, saa kumi,
chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbao.
Vumbi la msumeno bado limo kwenye nyufa za madawati.

Mkuu hupita dirishani, akakohoa.
"Hapa ni chuo cha amali," aliniambia siku moja,
"si mahali pa kufufulia darasa la tatu."
Nikanyamaza. Nilikuwa naomba boksi la chaki.

Wanakuja na harufu za kazi zao.
Shaame wa uchomeleaji, nyusi zimeungua,
anakata chuma kwa jicho na hakosei,
ila ukimpa karatasi ya vipimo huigeuza huku na huku
kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa mwenzake.
Subeti wa upishi, mapishi yote kayaweka kichwani
kwa sababu kichwa hakihitaji kusomwa.
Na Bi Thuwaiba, ushoni, miaka arobaini na sita,
aliyeletwa na mwalimu wake kwa maneno haya:
"Mkono wake dhahabu. Yeye na futi ndio hawaelewani."

Jumatatu ile nilichora inchi moja, ubao mzima,
nikaigawa mara nane.
"Kijisehemu kimoja hiki ni nini?"
Kimya. Bati likaalika kwa jua.
Shaame akatazama viatu vyake.
"Moja ya nane," nikasema. "Kwa jina jengine, thumuni."

Bi Thuwaiba akainua kichwa.
"Thumuni naijua.
Thumuni ni haki ya mjane mwenye watoto."

Mtu alicheka, si kwa ubaya.
Nikasema, basi na tuihesabu hiyo.
Marehemu aliacha nini?
"Mikarafuu. Ishirini na nne, bondeni Mgelema."

Nikachora miti ishirini na nne,
mibaya, kama miavuli iliyovunjika,
mafungu manane.
Akaja mwenyewe ubaoni, subana bado kidoleni,
akagusa fungu la kwanza: mmoja, miwili, mitatu.
Akahesabu tena, kuanzia chini.
Mitatu.
Akahamia fungu jengine, labda mwalimu kakosea.
Mitatu.

"Mie nilipewa miwili," akasema,
kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja bei ya uzi.
"Shemeji ndiye aliyegawa.
Alinisomea karatasi, nikatia dole gumba."

"Misimu mingapi?" Subeti akauliza.
"Saba."

Mimi ni mwalimu wa kujumlisha na kutoa.
Sikufunzwa la kufanya na jibu linaloshuka ubaoni,
likavaa makubadhi, likashika njia ya Mgelema.
Nilitafuta neno. Nililolipata ni hili:
"Hesabu yako ni sahihi."
Kengele ikagonga. Ubao haukufutwa,
hata na Shaame, na zamu ilikuwa yake.

Wiki ya pili mkuu akaja: chumba kinatakiwa, mbao zinarudi.
Nikamwambia chukua chumba,
tuachie saa kumi.
Akakohoa.
Kukohoa si kukataa.

Tuko barazani sasa. Upepo hutufungulia kurasa
ambazo hatujazifikia.
Shaame anasoma vipimo kwa sauti,
kama anayeshuka ngazi gizani, lakini anashuka.
Bi Thuwaiba futi wameshapatana;
gauni la bibi harusi wa Wawi lilikaa mara ya kwanza.
Ila leo hakuja na futi. Kaja na daftari, la mistari mipana.
Anataka kumwandikia kadhi. Kuandika, si kuandikiwa.
"Dole gumba," kasema, "lishachoka."

Amefika mstari wa pili. Kalamu imesimama.
"Mwalimu, thumuni huanzaje?"

Nikalifunga daftari taratibu,
nikamwonesha jalada,
pale alipoandika jina lake.